Kolibri shuleni bila intaneti: mwongozo kwa walimu wa Kigoma

Walimu wa Kasulu, Kibondo, Uvinza na vijiji vya mwambao wa ziwa huniuliza yale yale kuhusu Kolibri, programu ya kujifunzia kwa kompyuta na simu. Lazima shule iwe na intaneti? Kuna ada ya leseni? Kompyuta moja itatosha darasa la watoto hamsini? Na kwa nini tusitumie Moodle kama vyuo vikuu? Nimeyaweka majibu mahali pamoja ili mwenye swali aanzie hapa.

Shule ninayoifikiria ni ile ambayo umeme hukatika bila taarifa, mtandao wa simu hushika ukisogea upande mmoja wa uwanja, na mwalimu wa TEHAMA ndiye huyo huyo wa Fizikia. Kama yako ina hali bora kuliko hiyo, kazi itakuwa rahisi zaidi.

Kolibri au Moodle?

Zote mbili ni programu huria: unazipata bure, unaruhusiwa kuzinakili na kuzigawa, na hakuna atakayekuja kudai ada ya mwaka. Moodle ilibuniwa na Mwaustralia Martin Dougiamas, ambaye utotoni alisoma huko jangwani kwa masomo ya redio, na toleo lake la kwanza rasmi lilitoka mwaka 2002. Inafaa pale ambapo mwanafunzi yuko mbali lakini ana intaneti, na mwalimu yuko tayari kuandaa kila kitu mwenyewe: notisi, kazi za kukusanya, majadiliano. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kinaitumia. Ukimaliza kuisakinisha, inakukabidhi ukurasa mtupu na kusubiri uandike.

Kolibri inatoka kwa Learning Equality, shirika la Marekani lisilo la faida ambalo mwaka 2012 lilianza na KA Lite, programu ya kusoma bila intaneti masomo ya Khan Academy, tovuti ya video na mazoezi ya bure. Kolibri imetengenezwa kwa ajili ya sehemu zisizo na mtandao, ina sura ya Kiswahili, na ina maktaba ambayo watu wengine wamekwisha kuijaza. Kwa shule nyingi za mkoa huu jibu langu ni Kolibri, na hatua zote zilizo chini ni zake.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta moja ya kuwa seva, yaani itakayotunza masomo na kuyagawa kwa vifaa vya wanafunzi. Chukua kompyuta mpakato hata ikiwa kuukuu, mradi ina RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 100 au zaidi. Betri yake ndiyo sababu ya kuipendelea: umeme ukikatika katikati ya kipindi, seva haizimiki ghafla na kuharibu kumbukumbu.
- Ruta ya Wi-Fi, hata isiyo na laini wala intaneti. Ruta ndogo za nyumbani huanza kulemewa vifaa vikizidi ishirini hivi.
- Diski ya nje ya GB 500, au flashi kubwa kama maudhui yako ni machache.
- Vifaa vya wanafunzi: kompyuta za maabara, simu, au vishikwambi. Vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 na baadaye kugawiwa walimu vinafaa, ila ni mali ya serikali, kwa hiyo mkuu wa shule aidhinishe kabla havijaingia mikononi mwa watoto.
- Siku moja mjini yenye intaneti ya uhakika, isiyo ya bando la simu. Hili walimu hulidharau, kisha wanakwama kwenye hatua ya 4.

Ikiwa shule inategemea sola, soma maandishi yaliyo kwenye adapta ya ruta. Ruta nyingi hutumia volti 12 na zinaweza kuchukua umeme kwenye betri bila kupitia inveta, lakini zipo za volti 9 na za volti 5, na hizo utaziunguza.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mtu na somo. Kubaliana na mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma ni mwalimu yupi atakayeshika seva, na ni somo gani litaanza. Somo moja, kidato kimoja. Shule inayoanza na masomo yote huishia kuwa na chumba cha kuangalia video mchana.

2. Sakinisha Kolibri. Kwenye Windows, pakua kisakinishi kutoka tovuti ya Learning Equality, kifungue, fuata maelekezo. Kama kompyuta bado ina Windows 7, nakushauri uiondoe na kuweka Ubuntu, ambayo nayo ni huria. Kwenye Ubuntu fungua dirisha la amri uandike mistari hii, mmoja mmoja:

sudo add-apt-repository ppa:learningequality/kolibri
sudo apt update
sudo apt install kolibri

Ikikuuliza Kolibri iendeshwe na mtumiaji gani wa kompyuta, taja yule mtakayemtumia siku zote, na umwandike daftarini. Utamhitaji kwenye sehemu ya matatizo.

Onyo kwa wa Windows: kabla ya kuunganisha intaneti ya kulipia, iambie Windows kwamba muunganisho huo unapimwa (metered). La sivyo itaanza kupakua masasisho yake yenyewe na kumaliza bando kabla hujapata hata video moja.

3. Jibu maswali ya mwanzo. Fungua kivinjari kwenye kompyuta hiyo hiyo, andika `http://127.0.0.1:8080`. Chagua Kiswahili, kisha chagua matumizi ya kikundi. Yale ya mtu binafsi hayatakupa madarasa wala ripoti. Andika jina la shule. Ukiulizwa kama wanafunzi wajifungulie akaunti wenyewe, kataa, maana wiki ya pili utakuta akina "Diamond" watatu kwenye orodha na hujui ni nani. Ukiulizwa kama watu waruhusiwe kuingia bila akaunti, kataa pia: anayeingia hivyo kazi yake haihifadhiwi. Kwa watoto wadogo wa msingi unaweza kuondoa sharti la nenosiri. Sekondari liache.

Mwisho utafungua akaunti ya msimamizi mkuu. Nenosiri lake wajue watu wawili, si mmoja. Walimu huhamishwa.

4. Pakua maudhui mjini. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kama kompyuta ya seva inabebeka, njoo nayo Kigoma mjini. Kama ni ya mezani, sakinisha Kolibri kwenye kompyuta nyingine yoyote iliyo mjini na utumie diski kusafirisha.

Nenda sehemu ya kusimamia kifaa, kisha chaneli (mafungu ya masomo), kisha uchague kuleta kutoka Studio ya Kolibri, yaani maktaba yake ya mtandaoni. Utaona orodha ndefu ya chaneli, na kila moja inaonyesha ukubwa wake. Usibonyeze chaneli nzima. Khan Academy ya Kiingereza peke yake ni makumi ya GB, na zaidi ya nusu hutaigusa. Ingia ndani, weka alama kwenye mada zile tu zinazoendana na muhtasari wa kidato ulichochagua, tazama jumla ya GB inayoonyeshwa, ndipo uanze kupakua.

Za kuanzia ninazozipendekeza ni hizi. Kwa shule ya msingi, Khan Academy ya Kiswahili kwa Hisabati, Ubongo Kids, na hadithi za African Storybook, ambazo zina vitabu vingi vya Kiswahili. Kwa sekondari, ambako lugha ya kufundishia ni Kiingereza, chukua Khan Academy na CK-12 (masomo ya sayansi na hisabati), ila zaidi ya zote PhET. Hizi ni maabara za kuigiza zilizotengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado: mwanafunzi anaunganisha betri, nyaya na taa kwenye kioo, anaongeza ukinzani na kuona mkondo ukipungua. Shule yenye amita moja kwa wanafunzi themanini inajua thamani ya kitu hicho. Ni nyepesi pia kuliko video.

Mengi ya maudhui haya hayakutungwa kwa muhtasari wa Tanzania. Hakuna chaneli kati ya hizi itakayofuata mada za Kidato cha Pili mstari kwa mstari, na mwalimu anayetarajia hivyo atakata tamaa mapema. Kazi yako ni kukaa na muhtasari mkononi na kuokota.

5. Ongeza vya kwenu. Mkiwa bado mjini, fungua akaunti kwenye Studio ya Kolibri mtandaoni na utengeneze chaneli ya shule. Unaweza kupandisha PDF, video za MP4, sauti za MP3, na kuandika maswali ya kuchagua jibu au ya kujaza namba. Faili za Word hazipokelewi. Zigeuze PDF kwanza. Akaunti mpya hupewa nafasi ya MB 500, kwa hiyo video ndefu ulizorekodi kwa simu zipunguze ukubwa.

Ukimaliza, bonyeza kuchapisha. Wengi husahau kitufe hiki, wanafika shuleni na chaneli tupu. Na kila ukirekebisha swali, chapisha upya, kisha iambie Kolibri ilete toleo jipya. Chaneli yako haionekani na umma: unaileta kwa kuandika tokeni yake, neno la siri ambalo Studio inakupa.

Mimi ningeanza na maswali, wala si notisi. Notisi watoto wanazo madaftarini. Maswali hamsini ya mada moja, yanayosahihishwa hapo hapo na kompyuta, yanampunguzia mwalimu mzigo kuliko PDF kumi.

6. Hamishia kwenye diski. Kama seva haikuja mjini, chomeka diski ya nje, rudi kwenye chaneli, chagua kusafirisha nje. Kolibri itatengeneza folda iitwayo KOLIBRI_DATA. Usiibadilishe jina, usiiweke ndani ya folda nyingine, usitoe kitu ndani yake. Subiri ikamilike, ndipo uitoe diski kwa utaratibu wake.

Kwa wanaorudi Buhingu au Kalya kwa boti, diski isikae kwenye begi hivi hivi. Iweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, na ukae nalo mwenyewe. Mizigo ya chini ya boti hulowa hata ziwa likiwa shwari.

Ukifika shuleni chomeka diski kwenye seva, chagua kuleta chaneli kutoka diski iliyochomekwa, na usubiri. Hakuna intaneti inayotumika hapa.

7. Washa Wi-Fi ya darasa. Unganisha seva na ruta kwa waya, kwa sababu waya hauyumbi. Kwenye mipangilio ya ruta, itengee kompyuta hiyo anwani ya IP (namba yake kwenye mtandao) isiyobadilika, mfano 192.168.0.100. Usipofanya hivyo, siku umeme ukirudi anwani inaweza kuwa nyingine na wanafunzi wote watasema "Kolibri imekufa". Iandike ubaoni na juu ya mlango:

http://192.168.0.100:8080

Kisha rekebisha mipangilio ya nguvu za umeme ili kompyuta isilale ikifunikwa au ikikaa bila kuguswa. Ni dakika moja tu, na itakuokoa siku ukiwa darasa jingine na seva iko ofisini.

8. Ingiza wanafunzi. Usiandike akaunti moja moja. Tengeneza orodha kwenye Excel au LibreOffice, ihifadhi kama CSV, na uilete sehemu ya data za kituo (ndivyo Kolibri inavyoiita shule). Kolibri yenyewe itakupa mfano wa safu zinazohitajika. Jina la kuingilia liwe namba ya usajili wa shule, kwani akina Neema na Baraka ni wengi. Weka yale tu yanayohitajika. Namba za simu za wazazi na mambo ya afya hayana kazi humo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaihusu shule pia.

Baada ya hapo unda darasa, weka wanafunzi, na mpe mwalimu wa somo nafasi ya ukufunzi. Usimpe usimamizi mkuu ati kwa heshima.

9. Kipindi cha kwanza. Mwalimu aandae somo: video moja fupi, igizo moja la PhET, zoezi moja. Watoto wawili au watatu kwa kifaa kimoja, lakini zoezi kila mmoja aingie kwa akaunti yake, la sivyo ripoti zitamsifu yule mwenye kasi tu. Darasa la hamsini ligawe makundi mawili, kundi moja lifanye kazi daftarini wakati la pili liko kwenye vifaa. Mwalimu naye asikae mbele: afungue ripoti kwenye simu yake, atembee, aone nani amekwama kwenye swali lipi na amfuate alipo.

10. Masomo ya nyumbani. Hii ndiyo elimu ya masafa kwa hali yetu. Sakinisha programu ya Kolibri kwenye kishikwambi cha Android, chagua kiwe kifaa cha kujifunzia tu, kiunganishe na seva ya shule na ulete akaunti ya mwanafunzi. Masomo aliyopangiwa yatashuka kwenye kishikwambi akiwa shuleni, atayafanya nyumbani bila mtandao wowote, na akirudi kwenye Wi-Fi ya shule majibu yake yatapanda yenyewe kwa mwalimu. Kwa mtoto anayetembea mbali, au aliye nyumbani kwa ugonjwa, mwenzake anaweza kumbebea. Usitoe vifaa hivi kabla darasa halijazoea kazi ya hatua ya 9.

11. Nakala ya akiba. Kila Ijumaa fungua dirisha la amri, simamisha Kolibri kwa `kolibri stop`, kisha andika `kolibri manage dbbackup`. Itakuambia faili imewekwa wapi. Inakili kwenye flashi inayokaa kabatini, kisha uwashe tena kwa `kolibri start`. Amri hii huhifadhi akaunti na alama. Video huna haja ya kuzihifadhi hivyo, kwa kuwa unaweza kuzileta tena kwa njia ya hatua ya 4 au ya 6.

Mambo yakikwama

*Kolibri inafunguka kwenye seva, kwenye simu haifunguki.* Anza na simu. Zima data: simu nyingi zikiona Wi-Fi haina intaneti huikimbia kimyakimya na kurudi kwenye data. Ikikuuliza kama ubaki kwenye Wi-Fi hiyo, kubali. Kisha angalia anwani: kivinjari mara nyingi huongeza "https", nawe unataka "http". Bado? Kama ni Windows, huenda imeuhesabu mtandao wa darasa kuwa wa umma na kufunga milango. Ubadilishe uwe mtandao binafsi. Mwisho angalia kama wanafunzi wameingia kwenye Wi-Fi ya wageni ya ruta, ambayo huzuia vifaa visionane.

*Video zinacheza, lakini PhET na michezo mingine haifunguki.* Maudhui ya aina hiyo hupitia mlango (port) mwingine tofauti na 8080. Kwenye ulinzi wa Windows (firewall) ruhusu programu ya Kolibri yenyewe, usiruhusu namba 8080 peke yake.

*Nimewasha, Kolibri ni tupu, kila kitu kimepotea!* Hakijapotea. Umeiwasha kwa mtumiaji mwingine wa kompyuta. Kolibri huhifadhi kila kitu kwenye folda ya `.kolibri` ya yule aliyeiwasha, hivyo kwa mtumiaji mwingine inaanza upya. Isimamishe, ingia kwa yule uliyemwandika daftarini, iwashe tena. Walimu wawili niliowasaidia walikuwa wameshaanza kuingiza majina upya.

*Diski imechomekwa, Kolibri haioni chaneli.* Folda ya KOLIBRI_DATA lazima iwe nje kabisa, pale unapoona vitu vya kwanza ukifungua diski. Kuna mtu ameiingiza ndani ya "Vitu vya shule".

*Video zinakwamakwama.* Hesabu waliounganishwa, kisha uangalie kama kuna anayetazama kisichohusu somo. Waambie kila kikundi kianze video kwa kupishana dakika mbili tatu. Ikishindikana, ongeza ruta ya pili kwa waya.

*Tarehe za ripoti ni za ajabu.* Betri ndogo ya saa ndani ya kompyuta imekufa, kawaida kwa kompyuta za zamani. Ni ile ya duara, CR2032, mafundi wa mjini wanayo. Kabla hujaibadilisha, rekebisha saa kila asubuhi kabla ya kuwasha Kolibri.

*Mwenye nenosiri la msimamizi amehamia Kakonko na hapatikani.* Kwenye seva, kwa mtumiaji yule yule, andika `kolibri manage createsuperuser` na utengeneze msimamizi mpya. Akishapatikana mpe salamu, halafu umwondolee usimamizi.

*Shule jirani inaomba tuwagawie.* Wape. Kolibri unaruhusiwa kuinakili, na chaneli nyingi zinaruhusu kugawa bila biashara. Leseni ya kila somo imeandikwa chini yake. Wagawie kwa njia ya hatua ya 6, kwa kusafirisha chaneli kwenye diski yao. Usiwanakilie folda ya `.kolibri` ili kuokoa muda, kwani ndani yake mna majina na alama za wanafunzi wako wote, na seva zenu mbili zitaanza kujitambulisha kama shule moja.